Paka Aliyepewa Kulinda Samaki

Mjukuu wangu Salim,

Huku Thornton Heath sote wazima. Mama yako yuko zamu kwenye nyumba ya wazee, na goti langu bado linanung'unika.

Albamu yenu ya kwanza nimeisikiliza jikoni. Vinanda vyenu vya umeme vinanguruma kama friji yangu, lakini maneno uliyonifasiria yana nguvu. Unauliza kama kwenye albamu ya pili mumtaje kwa jina yule waziri mnayemsema, maana wenzako wa bendi, Waitaliano, wanataka hivyo.

Nilipokuwa msichana Unguja, niliitikia kwenye kikundi cha taarabu. Idi moja tuliimba wimbo wa paka aliyepewa kulinda samaki. Kwetu wimbo hautaji mtu. Ukimgusa mtu, huinuka mwenyewe akaenda kumtunza mwimbaji kwa pesa. Siku ile aliinuka mkubwa mmoja wa serikali, aliyekaa safu ya mbele. Hakuja kututunza. Alichukua kofia yake akatoka, na ukumbi mzima ukamsindikiza kwa macho.

Basi amueni wenyewe, albamu ni yenu. Ila mtungaji wetu alituapia kwamba paka yule alikuwa shemeji yake, wala mkubwa yule hakumfikiria kabisa.

Akuombeaye heri,
Bibi yako