Lori Lazima Lifike Kanzumbi

Jumatatu, 6 Juni 1994

Mbuzi nimefungulia. Uji wa ulezi nimekunywa. Baridi ile ile ya kung'ata masikio. Kanzumbi tuko juu ya kila mtu. Ukisimama ukingoni unaona Ziwa Rukwa huko chini, limelala kama karai lililosahaulika juani. Watu wa mjini hawana kitu kama hicho.

Jirani kang'oa mabati leo. Kayafunga kamba, kashuka nayo kwenda kijiji cha barabarani. Simlaumu sana. Mwaka jana mahindi yetu yaliozea ghalani. Siku hizi kila mwenye lori ananunua mahindi, siyo ushirika peke yake, lakini ananunua pale tu gurudumu linapofika. Kwetu halifiki. Baba kasema mwaka huu yakioza tena, na sisi tunashuka. Kasema kwa utulivu, hicho ndicho kilichoniudhi.

Mimi sishuki.

Jumatano, 8 Juni

Sumbawanga, kuuza maharage. Pale Majengo nimemkuta Mama Zuhura, tajiri wa mahindi, lori lake mwenyewe. Nikampa shikamoo ya adabu zote. Akauliza kama kwetu lori linafika.

"Mpaka mlangoni, mama. Hata basi lingefika, ni vile hatupendi kelele."

Ulimi wangu huu. Akacheka, akasema atatuma lori tarehe kumi na nane.

Mshikaji wangu Wense alikuwa pembeni anasikia. Wao walishahamia barabarani. "Siprian, pale kinamasini kwenu hata nguruwe anavua viatu." Tumewekeana dau. Lori lisipofika, namchotea mama yake maji mwezi mzima, ndoo kichwani, mchana kweupe. Likifika, yeye anamchotea Bibi yangu.

Nimeishia darasa la sita lakini nina akili. Kesho nitaanza kuzitumia.

Ijumaa, 10 Juni

Nimemwambia Baba. Kaweka jembe chini.

"Umemdanganya mtu mzima."

"Sijadanganya, Baba. Nimesema kweli kabla ya wakati wake."

Kilima kizima kina njia moja. Kushoto genge, kulia mto, katikati kinamasi kisichokauka hata mwezi wa kumi. Hapo ndipo malori yote hugeukia. Baba kawaita wanaume tukizibe. Bibi kaloweka ulezi wa pombe, maana hapa hakuna anayefanya kazi ya wengi kwa koo kavu.

Jumatano, 15 Juni

Tumemaliza. Tumefanya kama shambani: nyasi chini, udongo wa majani juu, tukashindilia. Ndivyo Wafipa tunavyotengeneza matuta, na mahindi yetu huwa marefu kuliko mwalimu wangu wa hesabu. Barabara imependeza. Tumecheza ngoma juu yake. Mimi nimecheza kuliko wote.

Jumamosi, 18 Juni

Limezama.

Lori lilifika katikati, likashuka taratibu kama mtu anayeketi. Nyasi zote tulizofukia zikachomoza pembeni. Utingo akaruka, akazama mpaka magotini. Dereva alinitukana matusi mengine sikuwa nayafahamu. Wense alikuja amepanda nyuma ya lori, makusudi. Alicheka mpaka akashika mti.

Ikabidi tumwite Masunga, Msukuma anayechunga huko bondeni, alete maksai wavute. Akalizunguka lori polepole, mikono mgongoni.

"Wafipa, mmepanda lori la watu. Litaota lini?"

Hata Baba alicheka. Mimi sikucheka.

Dereva kasema atarudi mara moja tu, tarehe mbili Julai, kwa kuwa Mama Zuhura anayataka sana mahindi. Akikwama tena, Kanzumbi basi. Dau la Wense nalo linasubiri siku hiyo hiyo.

Jioni nimemwona Baba anatikisa misumari ya bati kwa kidole. Moja moja. Nimeona aibu. Aibu kabisa.

Jumapili, 19 Juni

Baada ya ibada nimewakwepa watu. Nimepanda kwenye matanuru ya mababu. Huko juu walikuwa wanayeyusha chuma, majembe ya uwanda mzima yalitoka hapa. Matanuru ni ya udongo, marefu kuliko nyumba, mengine bado yamesimama. Yakaja majembe ya dukani, mioto ikazimika. Ikaja operesheni ya vijiji, watu wote wakahamishiwa barabarani, kilima kikabaki cha nyani. Amri zilipolegea, wa kwanza kurudi alikuwa Bibi, na kuku wake kapuni. Wengine wakamfuata. Sasa tunashuka tena kwa sababu ya tope? Upuuzi.

Nilikaa kununa juu ya lundo la mavi ya chuma, yale mabaki meusi waliyokuwa wanayatoa tanuruni. Kuna kijito kinapita pale, kote kumelowa. Lakini lundo lenyewe kavu. Gumu. Limekaa kwenye maji toka zamani za zamani na halijashuka hata kidogo.

Nikatazama lundo. Nikatazama kinamasi huko chini.

Nimeteremka mbio, katambuga moja imenivuka mguuni, imebaki huko.

Jumatatu, 20 Juni

Wazee wamekataa mavi ya chuma yashushwe kinamasini. Matanuru yalikuwa na dawa, na mambo ya wahenga hayaguswi na kijana asiyeweza hata kunyamaza kanisani. Nikasema mabaki si tanuru. Wakasema nina mdomo. Kweli ninao.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Tanuru asiguse mtu hata kwa kidole. Lakini hayo mavi walitupa wenyewe. Nani atakuja kuyadai?"

Wazee wakakubali. Basi. Nampenda Bibi yangu kuliko ugali.

Jumamosi, 25 Juni

Kuchimba nyasi zilizooza, harufu mbaya. Mawe makubwa chini, mavi ya chuma juu. Masunga analeta kwa mkokoteni wake. Kila safari ananiuliza leo tunapanda nini. Hayo mavi yanakata kama chupa. Viganja vyangu vimeisha.

Baba anashindilia. Hajaniuliza kama itafaa. Mimi mwenyewe sijui. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 2 Julai

LIMEFIKA.

Limeingia kinamasini likinguruma, dereva kakunja uso kama anameza dawa. Yale mabaki yakalia chini ya matairi, krr, krr. Hayakushuka. Nilikuwa natembea mbele kinyumenyume nikimwita kwa mikono, kama askari wa trafiki wa Sumbawanga. Lilipokanyaga upande wa pili wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Mpaka mlangoni kwetu. Kama nilivyosema.

Tumepakia magunia mpaka turubai halikutosha. Likashuka na mzigo wote, likapita pale pale, zito mara tatu. Krr. Dereva katoa mkono dirishani, kanipungia. Wiki ijayo anarudi kuchukua yaliyobaki.

Masunga kasema, "Limeota." Nikamwambia asubiri mavuno.

Wense kamchotea Bibi maji. Ndoo kichwani, amejifunga khanga kabisa, Bibi alimlazimisha. Wasichana wote walitoka nje. Nilimsindikiza nikipiga debe.

Mababu waliyeyusha chuma. Mimi nimepitisha lori juu ya uchafu wao. Sijui nani zaidi. Najua, lakini siandiki.

Jumatano, 6 Julai

Upepo kidogo. Mbuzi nimefungulia.

Nimekuta Baba nyuma ya nyumba, amevua shati kwenye baridi hii, anakanyaga udongo. Kibao cha kufyatulia tofali kando yake. Tofali za kwanza zimepangwa juani, bado mbichi.

Anayetaka kushuka hafyatui tofali. Nimekunja suruali nikaingia.

"Maji," akasema.

Nikaleta maji.