Ngazi Tatu Nyekundu

Gangilonga, Iringa

Ndugu yangu Othmani,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na watoto hamjambo huko Igawa, na kifua chako kimepata nafuu vumbi lilipotulia. Mimi nipo, ila nimechoka. Moyo umepanuka, daktari hanipangii tena tarehe ya kurudi, na macho yamebaki na uoni hafifu. Ndiyo maana herufi zangu ni kubwa kama za darasa la kwanza.

Mwezi uliopita, nikitoka Mbeya kwa matibabu, nilimwomba dereva asimame kwenye zahanati ya jumuiya yenu, niliage jengo la mwisho nililolichora. Sakafu bado nyekundu, imepigwa nta hadi inang'aa, kama tulivyoipenda wote. Nikaelekea mlango wa nyuma. Mlinzi akanidaka kiunoni, akifoka kwamba mzee, hizo ni ngazi, au nimekuja kuwafia pale? Nikatazama chini tena. Niliona sakafu tu.

Othmani, hayo ndiyo maneno ya mkeo Naima. Mama yako Mwanakhamisi alipoanguka kwenye ngazi zile akafa, Naima alilia akisema alimshika mkono mkwewe mpaka mwisho, ila mwanga wa mlangoni uliwaka kwenye nta, wote wawili wakaona sakafu tu. Wewe ulisema alikuwa anachezea simu. Baada ya arobaini ukampa talaka, akarudi kwao Mbeya. Nilikuwepo kwenye kikao cha talaka hiyo. Nilinyamaza.

Ramani yangu ya kwanza ilikuwa na mstari wa njano kwenye ukingo wa kila ngazi, maana nilijua wenye macho dhaifu watapita hapo. Niliufuta mwenyewe. Niliona unaharibu sakafu. Fundi Liberatus alinitania kwamba eti najenga sebule ya bwana harusi, si zahanati. Tulicheka, nikamwagiza aweke nyekundu tupu.

Naima alisema kweli. Nililijua hilo tangu siku ya msiba, nikaogopa kuharibu jina langu.

Liberatus atafika hapo zahanati Jumatatu na rangi ya njano. Usimsubiri. Tangulia Mbeya, umpe Naima barua hii aisome mwenyewe. Mimi safari hiyo siiwezi tena.

Wasalimie watoto, na mama yao utakapomwona. Na kama una neno la kunitukana, lilete upesi, ningali nasikia.

Ni mimi rafiki yako,
Kalinga