Tuliolala Hapa Jana

Igowole, Jumanne, Agosti 1957

Ukungu umekaa hadi karibu adhuhuri na baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Nina hasira, na humu ndani sina wa kumwambia.

Leo karani wa kuhesabu watu amefika kwetu, kijana mpole kutoka Iringa mjini. Baba mkwe akampa kigoda. Sisi wanawake tukaambiwa tubaki jikoni. Nilisimama mlangoni nikamsikia akieleza vizuri kabisa: wanaandikwa wote waliolala hapa jana, wakubwa kwa wadogo, wake kwa waume.

Baba mkwe akajitaja. Akamtaja mume wangu, akawataja shemeji zangu wawili. Akaishia hapo, kama mtu aliyemaliza.

Mume wangu yuko Tanga, anakata mkonge. Shemeji mkubwa yuko naye. Mdogo hatujui hata aliko. Kati yao hakuna aliyelala hapa jana.

Ukimwondoa baba mkwe, tuliolala hapa ni mama mkwe, mimi, wifi Agata, mke wa shemeji mkubwa na binti zake, na Tumaini wangu ambaye hata kukaa bado. Sisi ndio tuliolima, tukavuna, tukaezeka na paa lilipovuja. Ukipita kijiji hiki chote utakuta hivyo hivyo, wanawake shambani, wanawake kisimani, na wazee wachache wa kiume wakiota jua.

"Na wanawake, mzee?" karani akauliza.

"Hao ni wa kwangu," baba mkwe akasema. "Hawalipi kodi. Utaandika nini?"

Wa kwangu. Kama mbuzi.

Karani akasema, kwa adabu, kwamba serikali ikitaka kujenga zahanati hutazama hesabu kama hii. Hapo nikamkumbuka mke wa shemeji mdogo. Mwaka jana alishikwa na uchungu, tukambeba kwa machela sisi wanawake kwa kupokezana, kwa kuwa wanaume hawakuwapo. Alitufia njiani na mtoto tumboni. Leo angekuwa hai, naye asingetajwa.

Nikatoka na mtoto mgongoni. Sijawahi kusema mbele ya wageni wa baba mkwe. Nilipiga goti kama inavyopasa.

"Samahani, baba. Wanao wako mbali. Tuliolala hapa ni sisi."

Nikatutaja, mmoja mmoja. Nilipofika kwa Tumaini, baba mkwe akasema huyo bado, na tena wa kike, ataolewa aende kwa watu.

Karani akachungulia mgongoni kwangu. "Ana umri gani?"

Nikamwambia. Akawakata wanaume watatu wasiokuwapo, akatuandika.

Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Nchi nzima imejaa wazee kama baba mkwe, na makarani wengine hawaulizi mara ya pili. Huko watakapojumlisha, wanawake wangapi watakuwa wamebaki jikoni?

Baba mkwe hajagusa ugali wangu. Wifi Agata ananiambia nikaombe radhi. Nimemheshimu mzee huyu tangu nilipoolewa, na bado namheshimu. Lakini radhi ya nini? Ya kusema kwamba tupo?

Jioni tulipokuwa tunaosha vyombo mama mkwe akasema, bila kuniangalia, "Umri wangu yule kijana amekisia tu."

Nikamwambia ndiyo, alikisia.

"Angeniuliza ningemwambia."

Kisha akaendelea kusugua chungu, kwa nguvu kuliko kilivyohitaji. Kumbe naye ana hasira. Sijui amekaa nayo miaka mingapi.

Kesho karani anavuka kwenda kitongoji cha ng'ambo ya mto. Asubuhi nitambeba Tumaini, nipite nyumba kwa nyumba nikazungumze na wanawake wa huko. Nataka nifike kabla yake.