Fausta, Mama Sasa Anaitika

Mwaka umezunguka tangu ututoke, Fausta, nao umetukuta katikati ya kazi. Tuko kwenye ujumbe wako wa thelathini na moja.

Meza ni ile ile ya baba, yenye mguu uliofungwa waya. Dada yako Hilaria ameshika simu. Mwalimu Judica, aliyekufundisha Kiingereza sekondari, amefungua daftari. Mama Marieta amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, ana kisu kidogo na rundo la vitunguu swaumu, anakata mizizi na mabua. Hilaria anabonyeza, sauti yako inatoka kwa Kiingereza. Mwalimu anasikiliza mpaka mwisho, anaandika, kisha anatuambia kwa Kiswahili. Hilaria anayarudia kwa Kiiraqw, maana mama anataka kukusikia kwa lugha aliyokulelea. Tunasikiliza jumbe tatu kwa siku, hatuzidishi. Mama ndiye aliyeweka kiasi hicho.

"Msiniharakishe," alisema siku ya kwanza. "Mimi nilimnyamazia miezi kumi. Na yeye anivumilie siku kumi na tano."

Ulizaliwa hapa Nambis, mtoto wa pili wa Felician Qamara. Ulikuwa mtu wa kurudia jambo mpaka likae sawa. Ukifunga vitunguu, fungu lilikuwa na ishirini, na ukikuta kumi na tisa ulifungua upya, hata kama mnunuzi amesimama. Kiingereza ulikipata namna hiyo hiyo. Mwalimu Judica alikupa kamusi yake ya zamani, yenye muhuri wa jina lake na namba ya simu ukurasa wa kwanza, nawe ukaisoma kama mtu anayepalilia shamba, mstari baada ya mstari.

Ulipokuwa ukifundisha chekechea mjini Mbulu, ulikuja nyumbani kila Ijumaa kwa bodaboda, chaki bado kwenye nywele. Kabla ya kushusha mkoba uliinama kwa mama: shikamoo. Uliinama kwa baba: shikamoo. Ndipo ulipokwenda zizini kumsemesha ng'ombe Kiingereza, umwambie asogee.

"Muache ng'ombe wangu," mama alikuwa akisema. "Huyo ni Mwiraqw, hajaenda shule."

"Mbona amesogea, mama?"

"Amekuhurumia."

Tunakumbusha hayo ili ijulikane kwamba mama hakukichukia Kiingereza. Alikuwa akikisifu kanisani mpaka watu wakachoka.

Kazi ya nje ilikuja kwa mkono wa Doris, mama yako wa ubatizo. Alikuwa na duka la vitenge mjini, na pembeni aliwatafutia wasichana nafasi kupitia wakala wa ajira wa Arusha. Alisema kuna familia huko mbali, kwenye nchi ya theluji, wanatafuta mwalimu wa kukaa nyumbani, awalee mabinti wao wawili na kuwazungumzia Kiingereza asubuhi mpaka jioni. Baba aliuliza maswali mengi. Doris alijibu yote. Mwisho akasema, "Baba Hilaria, mimi nilimshika mtoto huyu kichwani akimwagiwa maji. Nitampeleka pabaya?"

Baba akaridhika. Uliondoka Januari na koti la Hilaria, ukacheka kwamba umezoea baridi ya Mbulu. Ujumbe wako wa pili unasema baridi ya Mbulu ni mtoto mchanga.

Lakini ujumbe huo wa pili hatukuuelewa wakati ule. Ule wa kwanza, Hilaria alikimbia nao mpaka zizini mama akikamua. Akaweka simu karibu na sikio lake. Kulikuwa na kimya kirefu, kisha ukaanza kuzungumza Kiingereza, upesi na vizuri.

"Huyo ni nani?" mama akauliza.

"Ni Fausta, mama."

"Fausta wangu ananisalimu kwanza. Huyo hajasalimu."

Ukaja wa pili, na wa tatu, zote kwa Kiingereza, zote bila shikamoo. Mama akasema, "Akikumbuka tena mimi ni nani kwake, mniite." Tangu hapo hakutaka kuitwa. Majirani waliuliza habari zako, akawajibu kwamba uko kazini. Hilaria angeweza kuandika mstari mmoja tu kukuuliza una nini. Hakuandika. Alisema anangoja uchoke maringo mwenyewe. Kwa miezi kumi alikujibu mara mbili: "Sawa," na "Tumesikia." Jumbe arobaini na nne zilikaa kwenye simu yake, nyingi hazijafunguliwa.

Novemba mwaka jana simu ya Hilaria ililia ikiwa kwenye chaji, mama yuko peke yake. Aliyepiga alikuwa mwanamke anayesema Kiingereza. Mama akadhani umempa mtu mwingine akusemee. Akamwambia kwa Kiswahili, "Mwambie Fausta apige mwenyewe, na lugha yake aje nayo," akakata. Ikalia tena, akakata tena. Mara ya tatu akaifunika kwa kanga.

Alikuwa mama wa wale mabinti, namba ya Hilaria ameikuta kwenye simu yako. Alikuwa anatafuta wa kumwambia kwamba umelala hospitali siku sita na homa ya mapafu, na kwamba asubuhi ile hukuamka.

Siku ya tisa Mwalimu Judica alikuja kwa miguu kutoka barabarani. Yule mama alikuta kamusi kwenye sanduku lako, akapiga namba ya kwenye muhuri. Walikuwa wamekwisha kukuzika. Walisema waliambiwa huna mtu.

Doris alifika kwenye msiba siku mbili baadaye. Alikaa mkekani karibu na mama. Alimshika mkono, akalia pamoja naye, akampikia uji. Mama hakuwa amekula siku mbili, akakubali kula kwa mkono wa Doris. Hilo ndilo mama analolirudia hata leo, kwamba alikula.

Mwezi wa tano Nikolausi, baba yako mdogo wa Masakta, alikwenda Arusha kudai vitu vyako, akarudi na nakala ya fomu uliyopelekwa nayo. Baba aliisoma taratibu, kidole chini ya kila neno, Mwalimu Judica akimsaidia. Lugha ya kuzaliwa: Kiingereza. Jina la kazini: Faye. Wazazi: wote wamefariki. Ndugu wa karibu: hakuna. Anayethibitisha: Doris, na sahihi yake.

Baba hakupandisha sauti. Alivaa kofia, akaenda dukani, akaiweka fomu juu ya vitenge.

Doris aliisogeza pembeni. "Baba Hilaria, ile ni fomu tu. Wale matajiri wanataka mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Angeandika wazazi ni wakulima wa vitunguu, wasingemchukua. Nilimsaidia."

"Ulituandika marehemu."

"Karatasi haiui mtu, baba."

"Nimekukuta sokoni mara ngapi mwaka huu?" baba akamuuliza. "Nakusalimu, unaitika, unaniuliza magoti yanaendeleaje. Kumbe unaitikia salamu za maiti."

Doris akasema jambo lingine, polepole. Alisema wakala alimpigia ulipofariki, akaulizwa kama kweli huna ndugu. Naye akajibu kwamba huna, kwa sababu alikuwa ameshaandika hivyo.

Baba alichukua fomu yake akarudi. Hatuandiki haya ili mtu apigwe mawe. Doris alikupenda, tunaamini hivyo. Alikubeba ubatizoni na alikushonea gauni la kipaimara. Ndiyo sababu inauma. Mgeni angetufanyia hivi, tungelia tukamaliza. Yeye tulimpa kichwa chako akishike.

Baada ya fomu ile tulianza kujiuliza habari za Kiingereza chako. Mama hakutaka kusikia. Ilipokaribia misa ya mwaka ndipo aliposema, "Mleteni mwalimu. Nataka kumsikia kabla padri hajamtaja."

Ujumbe wa tisa ndio uliotuvunja. Mwalimu Judica aliusikiliza, akaweka kalamu chini, akaomba maji. Kisha akasoma:

"Mama, najua mama Doris amekwisha kuwaeleza, kwa hiyo sina wasiwasi. Aliniahidi siku naondoka kwamba atakuja nyumbani mwenyewe, awaambie kwamba mkataba haunipi ruhusa ya kusema lugha nyingine hata neno moja, na kwamba simu hii ni ya wakala, kila kinachotoka wanakisikia. Nikikutwa nasema lugha ya nyumbani wanajua sikuzaliwa na Kiingereza, wananirudisha. Nashukuru mnanielewa. Na shikamoo haina Kiingereza chake, mama, nimeitafuta kwenye kamusi yote. Kwa hiyo kila nikianza nainama kwanza, nanyamaza kidogo. Ile nafasi ni yako, ya kuitika."

Hilaria alishindwa kuyasema kwa Kiiraqw. Baba akamsaidia. Hatujui kama fomu yenyewe uliiona. Katika jumbe zote tulizosikia hujataja kwamba uliandikwa yatima, nawe hukuwa mtu wa kukaa kimya juu ya jambo kama hilo.

Kimya kile kilikuwepo mwanzoni mwa kila ujumbe, Fausta. Tulidhani ni mtandao.

Na Doris hakuja. Kuja kueleza mkataba kungemlazimu aeleze na fomu, na baba angekurudisha hata kwa kuuza ng'ombe. Basi akaacha. Wewe ukaendelea kusema nasi ukijua tunaelewa, sisi tukaendelea kunyamaza tukijua unaringa. Alitudanganya kwa mdomo uliofungwa, na sisi tukamsaidia kwa kufunga yetu.

Tangu ujumbe ule, mama amebadilisha utaratibu. Hilaria akibonyeza, kimya kikianza, mama anaweka kisu chini. "Marahaba, mwanangu," anasema. Ndipo anachukua kisu na kusikiliza mengine.

Mengine ni mambo ya nyumbani tu. Umeuliza kama ng'ombe amezaa. Umeuliza magoti ya baba. Umesema mabinti wale, mkubwa na mdogo, umewafundisha kufunga maua mafungu ya ishirini, na mdogo akikosea anafungua upya. Umesema wanakuita Faye, na wakati mwingine unachelewa kugeuka. Walitutumia picha ya kaburi lako. Limepambwa vizuri, kuna theluji pembeni. Kibao kimeandikwa Faye. Baba ameanza kuchonga msalaba wenye jina lako lote. Tutausimamisha hapa, kwenye mteremko chini ya nyumba, ingawa chini yake hakuna kitu.

Kuanzia ujumbe wa ishirini sauti yako inaanza kuuliza. Hulalamiki. Unauliza tu kama simu ya Hilaria inafanya kazi, kama mama yuko mzima. Hapo ndipo tulipo, na hilo ndilo linalomfanya mama asitake kuharakishwa. Hatujui kama ulifariki ukidhani mama amekutupa, au kama mahali fulani mwishoni ulitambua kwamba hatukuambiwa. Jibu linaweza kuwa ndani ya hizi zilizobaki. Linaweza lisiwemo. Baba alishauri zisikilizwe zote kwa mkupuo, tujue moja. Mama akakataa.

Leo tumesikia wa thelathini na moja na wa thelathini na mbili. Wa thelathini na tatu ulikuwa mfupi.

Hilaria akabonyeza. Kikaja kimya chako.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema.

Ukasema maneno machache. Mwalimu Judica akayaandika, akatusomea: "Mama, nimefikiri, nimeona labda koo lako limeuma, ndiyo maana husemi. Hilaria, mkamulie swaumu kwenye maziwa ya moto kama alivyotufanyia sisi. Nitasubiri mpaka sauti irudi."

Mikononi mama alikuwa na kitunguu kimoja ambacho hajakikata. Baba akatoka kwenda kuutazama msalaba wake, ambao haukuhitaji kutazamwa.

"Ameniombea udhuru," mama akasema baadaye. "Mimi sikumtafutia hata mmoja."

Hilaria akauliza kama aendelee na wa thelathini na nne, maana jua bado lipo.

"Tuishie hapo. Mwalimu, umechoka. Kesho ukitoka shule."

Akakusanya mabua kwenye ungo. Vitunguu nusu ya rundo bado vina mizizi.

Tunakukumbuka: baba yako Felician Qamara na mama yako Marieta wa Nambis; dada yako Hilaria; kaka yako mdogo Emanuel; baba mdogo Nikolausi na familia yake ya Masakta; Mwalimu Judica, ambaye kamusi yako imerudi kwake naye ameirudisha kwetu; watoto wa chekechea uliowafundisha, ambao sasa wako darasa la pili; na mabinti wawili wa mbali walioomba majina yao yawemo, lakini mama yao ameomba yasiandikwe. Misa ni Jumapili hii, kigangoni kwetu. Padri ameelezwa ataje jina lako lote.

Jumbe kumi na moja zimebaki. Kesho saa kumi tutakaa tena mezani. Hatutakusahau, Fausta. Wewe inama, utusalimu. Mama ataitika.