Mwanya Nyuma ya Kabini

Jumamosi

Kwaru, kwaru. Bado naisikia sauti ya uti wa jani la mgomba, niliouvisha soksi kuukuu ya Baba, ukisugua mwanya kati ya kabini ya pikapu yake na kijumba cha kulala kilicho mgongoni. Mkono haufiki humo. Mnunuzi alikuwa aje Jumatatu, nikataka alikute gari safi.

Nilikosea, nikamwaga maji. Vumbi letu la Meru likilowa linaganda kama saruji. Baba akacheka. "Mwanangu, chuo kikuu hamkusoma vumbi?"

Kisha akapitisha kidole ukingoni mwa mwanya, polepole, maana macho yake hayaoni tena vizuri. "Hapa bado."

Miaka yote ya kupeleka wageni porini alilisafisha mwenyewe. Sasa analiuza kwa kuwa hakuna wa kuliendesha. Mimi hajawahi kuniuliza.

Naogopa barabara, sitajidanganya. Lakini tukila nikamwambia nitajifunza udereva, asiliuze. Akauliza kama nimesugua na mwanya wa mlango wa nyuma.

Kwa Baba hiyo ni ndiyo, basi nimempigia mnunuzi asije, na nimejiandikisha shule ya udereva ya pale Tengeru.