Simu Inayoandika Maneno ya Baba

Mungaa, Juni 14

Mwanangu Peniel,

Pokea salamu za nyumbani. Mbuzi mweupe amezaa pacha. Wewe huko Mwanza unakula vizuri?

Dada yako Leah aliniwekea kwenye simu kitu kinachoandika maneno unayosema. Mimi nikapiga hodi kwanza, nikangoja kinikaribishe! Nikasema alizeti imekauka, kikaandika Elizabeti ameolewa. Tulicheka mpaka machozi.

Baba yako naye akakitaka. Tangu apate kiharusi ulimi wake mzito, unajua. Kila asubuhi alikaa nacho mlangoni akisema, "Peniel, njoo nyumbani." Kikawa kinaandika panya. Leah akamwambia, "Baba, leo tena umeita panya!" Tukacheka, Mungu anisamehe, hata mimi.

Sikujua kumbe alikuwa anajizoeza. Ile siku uliyopiga ukasema, "Mama, chukua simu, baba simwelewi," alikusikia. Alitaka ukipiga tena umwelewe.

Jumapili alisema mara nyingi, simu haikuandika chochote. Akanirudishia, akageukia ukutani. Leo ni siku ya nne hasemi, hata na mimi ninayemwelewa. Uji anaukataa.

Nimeandika kwa mkono, usijali makosa. Leah ataipiga picha barua hii akutumie. Usipige simu, mwanangu. Panda basi. Njoo ukae karibu naye, umwite wewe, maana yeye amechoka kuita.

Ni mimi mama yako,
Eliana