Jina Kwenye Mwavuli

Rockville, 3 Mei 2025

Shikamoo Baba,

Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila leo hata kukaa siwezi kwa furaha! Mzee Russell, yule babu ninayemhudumia, kumbe aliruka kwa mwavuli kwenye vita vya Vietnam. Nikamwambia baba yangu naye alikuwa kikosi cha miavuli. Akanishika mkono, machozi yakamlengalenga.

Jumamosi ijayo nampeleka makumbusho ya jeshi, Virginia. Kuna mlango wa ndege, ukisimama pale unapigwa na upepo kweli! Anataka tukupigie video hapohapo, umsimulie ulivyoruka mara ya kwanza, ile ya buti kukuchomoka mguuni hewani. Uvae bereti yako!

Binti yako Ghati

Tarime, 5 Mei

Marahaba mwanangu,

Magoti yanalalamika, mengine salama. Nimefurahi kwa huyo mzee. Ila Jumamosi mtandao huku utasumbua, na bereti nadhani ililiwa na panya. Mpe salamu tu.

Baba yako

Rockville, 6 Mei

Shikamoo Baba,

Mtandao gani huo? Jana umenitumia video tatu za kwaya! Mzee ameshawatangazia wanawe wote. Na mimi najisifia kwako tangu darasa la kwanza. Usiniangushe, Baba.

Ghati

Tarime, 8 Mei

Marahaba mama,

Hii nimeandika na kufuta mara tatu. Sikuruka, Ghati. Hata siku moja. Mimi nilikuwa mkunja miavuli. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye meza ndefu, nakunja, nasaini kadi, naitia kwenye mwavuli, wenzangu wanapanda ndege. Ukikosea, mtu anakufa na jina lako mgongoni.

Ile ya buti ni ya rafiki yangu Cosmas. Wewe na ndugu zako mlikuwa wadogo, mlinitazama kwa hamu, nikashindwa kusema mimi nilibaki chini. Naona aibu sana. Mwambie mzee ukweli.

Baba

Makumbusho, Virginia, 10 Mei

Shikamoo Baba!

Jana nilikukasirikia kutwa nzima, sikufichi. Leo nikamwambia Mzee tukiwa kwenye gari.

Mlango wa ndege akaupita bila kuutazama! Akaniambia nisukume kiti chake cha magurudumu hadi kwenye meza ndefu iliyotandazwa mwavuli. Akafungua pochi, akatoa kadi iliyochakaa, ina jina moja.

"Huyu ndiye aliyenikunjia," akasema. "Nilimtafuta nimshukuru, nikaambiwa ameshafariki. Sijawahi kuongea na mkunja miavuli hata mmoja. Muulize baba yako, kati ya yake, mingapi haikufunguka?"

Baba, tuko hapa mezani, hataki kuondoka. Wageni wengine wamesimama nao, wanataka kusikia. Na mimi nataka kusikia, kuliko wote.

Ghati wako

Tarime, 10 Mei

Marahaba mwanangu,

Yote ilifunguka, Ghati. Yote.

Pigeni sasa hivi. Bereti nimeshaivaa.

Baba yako, mkunja miavuli